Hataza Mbili na Wavuti Yetu: Nani Alitangulia?

Leo tuache kidogo habari za programu mpya, tufukue makabrasha ya zamani. Naanza na swali. Tangu uamke asubuhi umebofya viungo vingapi? Kumi? Hamsini? Ulifungua gazeti, ukabofya kichwa cha habari, ukapelekwa ukurasa mwingine, na huko ukabofya tena. Hukumlipa mtu hata senti kwa kitendo chenyewe cha kubofya. Sasa jiulize ingekuwaje kama kubofya kungekuwa mali ya mtu.

Usicheke. Katikati ya mwaka 2000 watoa huduma za intaneti 17 wa Marekani waliandikiwa barua na kampuni ya simu ya Uingereza, British Telecom (BT). Kwa ufupi barua zilisema kwamba viungo vya wavuti ni uvumbuzi wa BT, na anayetaka kuendelea kuvitumia achukue leseni, yaani alipe. Miaka mitatu baadaye, Agosti 2003, jopo la raia katika mahakama ya Chicago liliamua kwamba Microsoft ilipe dola milioni 520.6 kwa sababu kivinjari chake kiliweza kuendesha programu ndani ya ukurasa.

Leo tunabofya bila kumwomba mtu ruhusa, na video inacheza ndani ya ukurasa bila matata. Kwa hiyo kuna mahali madai hayo yaligonga mwamba. Kesi hizi mbili nimezisoma na kuzirudia, kwa sababu zinafundisha jambo ambalo sisi waandishi wa programu hatufundishwi darasani: jinsi ya kushika madai ya hataza mkono mmoja, na teknolojia iliyotangulia mkono wa pili, ukalinganisha kipengele kwa kipengele. Wengi wetu hupiga kelele tu, "Lakini kitu hiki kilikuwako zamani!" Kelele hiyo peke yake haijawahi kushinda kesi.

Bikoni za shamba

Kwanza tuelewane maneno. Hataza, ambayo wengi huiita patenti, ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake kwa miaka fulani. Kwa upande wake, yeye hueleza hadharani jinsi kitu chake kinavyofanya kazi. Ukiifungua utakuta michoro, kisha maelezo marefu, na mwishoni orodha ya madai yenye nambari. Watu wengi husoma kichwa na maelezo, wakakasirika, wakaifunga. Hapo ndipo tunapokosea. Maelezo ni kama hadithi ya jinsi babu alivyolifyeka pori. Madai ndiyo bikoni za shamba, na mpima ardhi akija hatafuti hadithi, anatafuta bikoni.

Kuna kanuni tatu za kukumbuka.

Ya kwanza ni kwamba kila dai lina vipengele, na vyote vinahesabika. Ukisema jirani ameingia shambani mwako, lazima uonyeshe kwamba kitu chake kina kila kipengele kilichotajwa katika dai, au kitu kinacholingana nacho kabisa. Kikikosekana kimoja, hayumo shambani mwako, hata kama mashamba yenyewe yanafanana kwa mbali.

Ya pili ni kwamba hesabu hiyo hiyo hutumika kwa vitu vya zamani. Kama kitu kimoja kilichojulikana kabla ya hataza kilikuwa na vipengele vyote vya dai, dai hilo si jipya na linaanguka. Linaweza pia kuanguka kama fundi wa kawaida wa fani hiyo angelifikia kwa urahisi kwa kuunganisha vitu vilivyokuwako tayari.

Ya tatu ndiyo tamu zaidi. Mahakama Kuu ya Marekani iliiweka wazi mwaka 1889: kitu ambacho kingehesabiwa kuwa kimeingilia hataza kama kimekuja baadaye, kitu hicho hicho kinaivunja hataza kama kilikuja kabla. Maana yake ni kwamba bikoni hazihamishwi usiku. Ukiupanua ua ili umnase jirani, ua huo huo unaweza kuuzunguka mwembe uliopandwa na mtu mwingine kabla wewe hujafika. Na sote tunajua mwembe wa zamani unavyoweza kuharibu kesi ya shamba.

Shikeni habari ya mwembe. Tutarudi.

BT na ukurasa uliofichwa

Hataza ya BT ilipewa jina la utani la ukurasa uliofichwa. Maombi yake ya kwanza yalipelekwa Uingereza mwaka 1976, wakati huduma za simu za nchi hiyo zilikuwa bado chini ya Posta, na mvumbuzi aliyeandikwa ni Desmond Sargent. Miaka ile wahandisi wa Posta walikuwa wakijenga mfumo uliokuja kuitwa Prestel, ambao ulifunguliwa kwa wananchi mwaka 1979. Mtu alikaa nyumbani na televisheni iliyounganishwa na laini ya simu, akabonyeza nambari, na kompyuta ya mbali ikamletea ukurasa wa maandishi: habari, bei, ratiba za safari. Kwa wakati ule yalikuwa maajabu.

Tatizo lilikuwa hili: mtu aliyesoma ukurasa angejuaje nambari ya ukurasa unaofuata? Hataza ilijibu kwamba kila fungu la habari liwe na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inaonyeshwa kwenye skrini. Sehemu ya pili haionyeshwi, nayo imebeba anwani kamili za mafungu mengine. Msomaji anabonyeza tarakimu fupi, mashine inatazama sehemu iliyofichwa, inapata anwani, inaleta fungu linalofuata.

Ukiusoma mpangilio huo haraka haraka, unafanana kabisa na kiungo cha wavuti. Maneno yenye mstari chini yake unayaona, anwani yenyewe imejificha katika msimbo. Marekani ilitoa hataza hiyo Oktoba 1989, miezi saba tu baada ya Tim Berners-Lee kuandika pendekezo lake la wavuti pale CERN. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, hataza kama hiyo iliishi miaka 17 tangu kutolewa, hivyo ingedumu hadi 2006. Katika nchi nyingine muda wake ulikuwa umekwisha. Ndiyo maana barua zilikwenda Marekani, na ndiyo maana Desemba 2000 BT iliishtaki kampuni ya Prodigy, mojawapo ya watoa huduma wakongwe wa huko.

Wapenzi wa kompyuta wakaanza kusaka miembe. Kwa kuwa maombi ya kwanza yalikuwa ya 1976, wavuti yenyewe haingesaidia. Ilibidi kurudi nyuma zaidi. Walipata nini? Mwaka 1945 Vannevar Bush alieleza mashine ya kufikirika aliyoiita Memex, ambayo ingemwezesha msomaji kufunga njia kati ya nyaraka na kuzifuata tena. Mwaka 1965 Ted Nelson alibuni neno hypertext kwa maandishi yaliyounganishwa hivyo. Kisha tarehe 9 Desemba 1968, San Francisco, Douglas Engelbart alipanda jukwaani mbele ya watu wapatao 1,000 na kwa dakika 90 hivi akaonyesha mfumo wake wa NLS. Alitumia kipanya, akahariri maandishi kwenye skrini, akaruka kutoka sehemu moja ya maandishi hadi nyingine kwa kiungo, akazungumza kwa video na wenzake waliokuwa Menlo Park, kilomita 48 hivi kutoka pale. Yote yalirekodiwa kwenye filamu.

Filamu hiyo ilipoanza kuzungushwa mwaka 2000 watu walishangilia. Kesi imekwisha! Engelbart alibofya kiungo miaka minane kabla ya BT!

Polepole, jamani. Turudi kwenye bikoni. Dai halikusema tu "kubofya neno ukaenda kwingine." Vipengele vyake vikubwa vilikuwa hivi:

1. Kompyuta kuu ambamo habari zimehifadhiwa.
2. Vituo vya mbali vilivyounganishwa na kompyuta hiyo kwa mtandao wa simu.
3. Mafungu ya habari, kila fungu likiwa na sehemu ya kuonyeshwa na sehemu isiyoonyeshwa.
4. Anwani kamili za mafungu mengine, ndani ya sehemu isiyoonyeshwa.

Sasa linganisha na NLS. Kompyuta kuu ilikuwako, mashine ya SDS 940 kule Menlo Park, na Engelbart aliiendesha akiwa mbali. Kipengele cha kwanza kinakaa vizuri. Kuhusu mafungu yenye sehemu mbili na anwani kamili iliyofichwa, filamu peke yake haitoshi. Filamu huonyesha kilichotokea kwenye skrini. Haionyeshi data ilipangwaje ndani ya mashine. Wakili wa upande wa pili angesimama hapo hapo.

Halafu linganisha na wavuti. Je, wavuti ina kompyuta kuu? Hapa ndipo mambo yanapogeuka. Intaneti ilitokana na fikra iliyo kinyume cha Prestel. Tangu miaka ya 1960, Paul Baran kule Marekani na Donald Davies kule Uingereza walikuwa wakieleza mitandao ambayo habari hukatwa vipande vipande na kila kipande kupita njia yake. Ujumbe wa kwanza wa ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, ulitumwa tarehe 29 Oktoba 1969. Katika mtandao wa namna hiyo hakuna mfalme. Ukurasa mmoja uko seva ya Nairobi, kiungo chake kinakupeleka seva ya Tokyo, na seva hizo mbili hazijuani wala hazina mkubwa juu yao.

Jambo la kuchekesha ni kwamba mfumo wa Engelbart wa 1968, ulio mzee kuliko hataza, unakaribia bikoni ya kompyuta kuu kuliko wavuti iliyokuja baadaye. BT ilikuwa na shamba halali la enzi ya kompyuta moja kubwa na vituo vyake, lakini ikataka kulisogeza mpaka kwenye enzi nyingine.

Jaji Colleen McMahon wa mahakama ya shirikisho ya New York aliziangalia bikoni moja moja. Machi 2002 alitoa tafsiri ya maneno ya madai: kompyuta kuu ni kifaa kimoja, kilicho mahali pamoja. Agosti 2002 alifunga kesi bila hata kuipeleka mbele ya jopo. Intaneti haina kompyuta kuu kama hiyo. Na kurasa za wavuti hazibebi anwani kamili kwa maana ya hataza, kwa sababu anwani ya wavuti ni jina ambalo mifumo mingine hulitafsiri kwanza ili kujua seva iko wapi. Prodigy haikuwa ndani ya shamba.

Umeona? Filamu ya Engelbart haikuhitajika kuamua kesi. BT ilishindwa na maneno yake yenyewe.

Programu ndani ya ukurasa

Kesi ya pili ilikuwa ngumu zaidi, na katika hiyo mwembe ndio ulioamua mambo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vivinjari vilikuwa wasomaji tu. Hata Mosaic, kilichoipa wavuti umaarufu kuanzia 1993, kilipokutana na kitu kisichokifahamu kilifungua programu nyingine katika dirisha lake tofauti. Katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, Michael Doyle na wenzake wawili walitaka madaktari waweze kuzungusha picha za tiba za pande tatu ndani ya ukurasa wenyewe. Tarehe 17 Oktoba 1994 maombi ya hataza yalipelekwa. Tarehe 17 Novemba 1998 ikatolewa, nambari 5,838,906. Kampuni ya Doyle, Eolas, ilipata leseni ya kuisimamia kwa niaba ya chuo, na mwaka 1999 ikaishtaki Microsoft huko Chicago.

Nikilifupisha dai kwa maneno yetu, vipengele vyake ni hivi:

1. Kompyuta ya mtumiaji inayoendesha kivinjari, imeunganishwa na seva kwa mtandao.
2. Ukurasa wenye alama maalum inayosema: hapa pana kitu, na kitu hicho kiko mahali fulani nje ya ukurasa.
3. Maelezo ya aina ya kitu hicho, ambayo kivinjari hutumia kuijua na kuipata programu ya kukiendesha.
4. Kivinjari kinaiita programu hiyo chenyewe, bila mtumiaji kuombwa.
5. Kitu kinaonekana na kuchezewa ndani ya dirisha la kivinjari, mahali pale pale alama ilipowekwa.

Kwa mwandishi wa programu yeyote wa miaka ile, orodha hiyo ilikuwa ya kutisha. Imegusa Flash, imegusa vijiprogramu vya Java, imegusa vicheza video. Mabishano makubwa yalikuwa kuhusu neno "programu". Microsoft ilisema ni programu kamili inayojitegemea. Eolas ilisema hata kipande cha msimbo kinachoitwa na programu nyingine kimo. Mahakama ilikubaliana na tafsiri pana. Ua ukapanuliwa, na Internet Explorer ikawa ndani. Jopo lilihesabu dola 1.47 kwa kila nakala ya Windows, kwa nakala milioni 354 hivi. Ndiyo hizo dola milioni 520.6.

Lakini je, ndani ya ua uliopanuliwa hapakuwa na mwembe?

Ulikuwako, na jina lake Viola. Pei-Yuan Wei, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alitoa kivinjari chake ViolaWWW mwaka 1992. Tarehe 7 Mei 1993 aliwaonyesha wahandisi wawili wa Sun Microsystems toleo lililoweza kuweka mchoro wa kuchezewa ndani ya ukurasa. Hakuwawekea sharti la kutunza siri. Tarehe 31 Mei 1993 aliweka msimbo wa toleo jipya zaidi kwenye seva iliyokuwa wazi kwa watu wote, akamwarifu mhandisi mmoja kwamba unaweza kuchukuliwa.

Hebu tupige hesabu ya tarehe, maana hesabu hii ndiyo roho ya kesi. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilisema kwamba uvumbuzi uliotumika hadharani nchini humo zaidi ya mwaka mmoja kabla ya maombi hauwezi kupewa hataza. Maombi ni ya 17 Oktoba 1994. Rudi nyuma mwaka mmoja: 17 Oktoba 1993. Mei 1993 iko kabla ya mpaka huo kwa zaidi ya miezi minne. Kwa upande wa tarehe, Viola ilikuwa salama.

Basi ilikuwaje Microsoft ikashindwa? Kwa sababu jopo la Chicago halikuruhusiwa kuipima Viola kama kitangulizi. Jaji aliona kwamba Wei, kwa kuendelea na toleo jipya, alikuwa ameliacha lile la kwanza, na kwamba maonyesho kwa wahandisi wa Sun hayakutosha kuhesabiwa kuwa matumizi ya hadharani. Tafakari hilo kidogo, wewe unayeandika programu. Unarekebisha msimbo wako, unatoa toleo bora zaidi, halafu unaambiwa toleo la kwanza umelitupa!

Machi 2005 mahakama ya rufaa ilikataa hoja hiyo. Kuboresha si kutelekeza, na kumwonyesha mtu bila sharti la siri ni kuonyesha hadharani. Kesi ikarudishwa ili Viola ipimwe mbele ya jopo. Mahakama hiyo iliandika jambo lingine pia: mwishoni mwa Agosti 1994, wiki chache kabla ya maombi kupelekwa, Doyle na Wei walikuwa wamewasiliana kwa barua pepe, na Wei akamwelekeza kwenye makala yake kuhusu Viola. Swali la kama ofisi ya hataza ilipaswa kuelezwa habari hizo nalo lilirudishwa kwa jaji, ila halikupata jibu, kwa sababu Agosti 2007 pande mbili zilipatana nje ya mahakama.

Katikati hapo kulikuwa na vurugu nyingine. Berners-Lee na shirika la W3C waliiomba ofisi ya hataza mwaka 2003 iichunguze upya. Ofisi ikachunguza, mwanzoni ikayakataa madai, kisha Septemba 2005 ikayathibitisha. Mwaka 2006 Microsoft ilibadilisha Internet Explorer ili programu iliyomo ndani ya ukurasa isiamke mpaka mtumiaji aibofye kwanza. Kumbuka kipengele cha nne: "chenyewe, bila mtumiaji kuombwa." Mbofyo mmoja ulitosha kuchomoa bikoni moja. Duniani kote watengenezaji wa tovuti wakaanza kuandika JavaScript ya kuzunguka usumbufu huo. Watu waliokaa kwenye saiba wakisubiri ukurasa ushuke kwa laini ya simu sasa walitakiwa pia kukibofya kitu ili kiamke, na wengi hawakujua kwamba sababu yake ilikuwa sentensi moja katika hati moja ya Marekani.

Tyler, Texas, Februari 2012

Oktoba 2009 Eolas ilipata hataza ya pili ya ukoo ule ule, ikashtaki kampuni zaidi ya 20 kwa mpigo katika mji mdogo wa Tyler, Texas. Nyingi zililipa zikaondoka. Zilizobaki hadi mwisho zilikuwa pamoja na Google, Amazon, Yahoo na Adobe. Februari 2012 Berners-Lee alisafiri kwenda kutoa ushahidi. Wei naye alikaa kizimbani akaeleza alichokijenga Mei 1993. Safari hii jopo liliiona Viola. Tarehe 9 Februari 2012 likaamua kwamba madai yaliyobishaniwa ni batili. Julai 2013 mahakama ya rufaa ilikubaliana nalo.

Jopo halieleza sababu zake, kwa hiyo ninayosema sasa ni maoni yangu. Ua uliopanuliwa Chicago ndio uliouzunguka mwembe kule Tyler. Kama "programu" ingebaki na maana nyembamba ya programu kamili inayojitegemea, labda vipande vya Viola vingebishaniwa zaidi. Lakini kama hata kipande cha msimbo kinachoitwa na kivinjari ni programu, basi kipande cha Wei nacho ni programu. Huwezi kutumia kamba ndefu kumpimia Microsoft na kamba fupi kumpimia mwanafunzi wa Berkeley.

Sisi tunabaki na nini?

BT ilishindwa kwa sababu wavuti haikuwa ndani ya bikoni zake. Eolas ilishindwa kwa sababu ndani ya bikoni zake kulikuwa na kazi ya mtu mwingine. Matokeo yanafanana, sababu ni mbali mbali. Kwa hiyo siku nyingine ukisikia kampuni fulani imepata hataza ya kitu unachokitumia kila siku, usikimbilie kutukana. Tafuta madai. Yakate vipande vipande. Kwanza uliza: kitu changu kina vipande vyote? Kisha uliza: kuna kitu cha kabla yake kilichokuwa na vipande vyote? Ni maswali mawili, na kila moja lina ushahidi wake.

Tena tuwe waadilifu. Watu wa Posta ya Uingereza walivumbua kitu cha kweli mwaka 1976, na madaktari wa San Francisco walikuwa na shida ya kweli ya picha zao. Sijaandika haya ili kuwaita wezi. Shida ilianza pale hati ya kazi moja ilipotakiwa kufunika kazi za watu wote.

Jambo la mwisho ndilo linaloniumiza kichwa. Viola haikuokolewa na umaarufu, maana Mosaic ilikuwa imeimeza zamani. Iliokolewa kwa sababu msimbo wa Mei 1993 ulikuwa bado upo, una tarehe, na kulikuwa na watu walioweza kusema, "Tuliuona." Karibu miaka 19 baadaye, faili za kijana mmoja zilisimama mahakamani. Mimi programu zangu za kwanza nilizihifadhi kwenye disketi, na disketi zenyewe sijui ziliishia wapi. Pengine hazikuwa na maana yoyote. Lakini Wei naye alipokuwa akichora mchoro wake ndani ya ukurasa, nani angemwambia kwamba siku moja ungehitajika?

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaoandika programu Nairobi, Mombasa, Kisumu na kwingineko: msiwe wachoyo wa kuonyesha kazi zenu, na msitupe matoleo ya zamani. Wekeni tarehe. Andikeni maelezo mafupi ya kile programu inachofanya na jinsi inavyokifanya. Wekeni nakala mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuiona. Mwembe hauwezi kutoa ushahidi kama umeukata mwenyewe ukafanya kuni.

Haya, mimi narudi kwenye msimbo wangu. Wewe kaangalie yale makasha ya zamani chini ya kitanda. Alamsiki.